Mwaka Niliogonga Magurudumu Bila Kusikia

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na nyumbani kwetu, kijiji kilichokuwa njiani kuelekea Mitundu, hakuna chombo kilichoaminiwa kabla ya kugongwa. Chungu kikishatoka motoni na kupoa, alikipangusa majivu kwa kitambaa, akakiinua kwa mkono wa kushoto, akakigonga tumboni kwa kifundo cha kidole. Kizima kiliitika. Chenye ufa, hata ule ambao jicho halikuuona, kilikohoa. Kilichokohoa alikivunja palepale, mteja awepo asiwepo, na mimi niliyembebea udongo wake kutoka bondeni nilinuna siku nzima.

Nilijifunza bila kufundishwa. Nilipokuwa mtu mzima na nikaenda Itigi kutafuta kazi ya reli, fundi mkuu wa pale, Kalasinga mmoja mwenye kilemba cheupe na ndevu zilizofungwa vizuri kwa wavu, alinipa mgongo, akagonga magurudumu matatu ya behewa kwa nyundo yenye mpini mrefu, akauliza, "Bovu ipi?" Nikamwambia la pili. Akageuka akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Kesho yake nilikuwa na nyundo, kipande cha chaki, na chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi wa reli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Gari la moshi likisimama kunywa maji, mimi natembea upande huu kutoka kichwani hadi mkiani, nagonga kila gurudumu, kisha narudi kwa upande wa pili. Gurudumu zima hulia kwa sauti nyembamba inayokaa hewani kidogo. Lenye ufa linatoa mlio mfupi, mzito, halafu kimya. Nilikuwa nakata behewa zima kwa muda ambao abiria ananunua yai la kuchemsha dirishani. Wenzangu waliniita Sikio. Nilivimba kichwa, siwezi kuficha. Nilitembea na ile nyundo begani hata siku isiyo na gari, watu wanione.

Kisha nikaugua. Ilikuwa homa ya masika, ile inayomlaza mtu akamwita marehemu babu yake. Nililazwa hospitali ya misheni, nikapigwa sindano za kwinini nyingi kuliko ninazoweza kukumbuka, na nilipoamka masikio yalikuwa yanavuma. Waliniambia mvumo utaondoka. Uliondoka kweli. Ila ulipoondoka ulichukua na vitu vingine: ndege wote, kengele ya stesheni ukiwa mbali nayo kidogo, na ile sauti nyembamba ya chuma kizima. Mtu akisimama mbele yangu akasema, nilimwelewa kwa kumtazama mdomo. Akiwa nyuma yangu, ndio hayupo.

Siku ya kwanza niliporudi kazini niligonga gurudumu la kwanza, nikasikia du. La pili, du. La tatu, du. Behewa zima du, gari zima du. Niliangalia nyuma, nikamwona fundi mkuu amesimama kwenye kivuli cha tangi la maji akinipungia mkono kwa furaha kuwa Sikio wake amepona. Nikachukua chaki, nikatia alama ya nzima.

Nilitia alama hiyo kwa karibu mwaka mzima. Nataka kulisema hili bila kulipamba. Sikuwa mjinga, nilijua gurudumu likipasuka gari likiwa kasi ni watu wanazikwa. Nilijidanganya kwamba mpini wa nyundo unanieleza, kwamba mkono unahisi mtetemo ambao sikio limeupoteza. Mara nyingine nadhani ulinieleza kweli. Mara nyingine ulikuwa mti tu. Kila gari lilipoondoka nilibaki nimesimama relini hadi moshi wake upotee, kisha nikakaa mlangoni kwa mpiga simu mpaka simu ya upepo ilete habari kwamba limefika salama. Nilikonda. Watu wakasema ni mabaki ya homa.

Mama naye alikuwa na mambo yake siku hizo. Zamani alipenda gari la moshi kupita kiasi. Alikuwa akija Itigi na vyungu vyake vimefungwa kwenye majani makavu, anapanda daraja la tatu kwenda Manyoni kwa dada yake, anauza, anarudi na hadithi za abiria wenzake wiki nzima. Baada ya homa yangu akaacha ghafla. Akawa anakwenda Manyoni kwa lori lililobeba nta na asali, amekaa juu ya magunia, vyungu vikigongana kila shimo. Nilimuuliza akasema moshi wa gari unamkereketa koo. Nikaona ni uzee. Tuliendelea hivyo, yeye na lori lake, mimi na nyundo yangu.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza, ndipo fundi mkuu aliponiita asubuhi moja akiwa na karatasi mkononi. "Mzungu inakuja," akasema. "Leta mashine. Mashine nasikiliza chuma."

Nilipaswa kuogopa. Niliogopa pia, lakini si kwanza. Kwanza nilitaka kuiona. Inasikiliza kwa nini, kwa sikio gani? Inagongwa na nani? Nilimuuliza fundi mkuu maswali mpaka akanifukuza.

Ugeni wa mkubwa katika stesheni za enzi zile ulikuwa na desturi moja: chokaa. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa. Miti ilipakwa hadi kiunoni, ndoo za mchanga wa kuzimia moto zikapakwa, nguzo zikapakwa, na mwaka mmoja mbuzi wa mpiga simu alipita vibaya naye akapakwa ubavu. Aliyekuja hakuuliza kama kazi inakwenda. Aliona weupe, akafurahi, akaondoka. Basi kwenye reli ya pembeni kulikuwa na seti nane za magurudumu, kila seti magurudumu mawili na ekseli yake katikati, zimetolewa kwenye mabehewa ya zamani zikisubiri kufungwa chini ya mabehewa ya abiria. Zote nilikuwa nimezigonga mimi. Zote zilikuwa na alama yangu ya chaki. Karatasi ilisema mzungu atazipima hizo, kwenye ncha za ekseli.

"Ncha," fundi mkuu akasema, akinikabidhi brashi. "Paka vizuri."

Nikapaka. Chokaa mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, ncha zote kumi na sita, zikang'aa mpaka nikajipongeza.

Mzungu alishuka siku ya tatu akiwa amekumbatia sanduku kifuani kama mama aliyebeba mtoto mchanga, na hakumruhusu mtu kulishika. Alikuwa kijana bado, pua imebabuka kwa jua, Kiswahili chake cha kuungaunga lakini hana makuu. Aliliweka sanduku juu ya meza, tukalizunguka: fundi mkuu, watengeneza njia, wachota maji, mpiga simu. Mbele lilikuwa na kioo cha duara. Alipoliwasha, lilikaa kwanza likipata joto, kisha mstari wa kijani ukajichora kiooni kuanzia upande mmoja hadi mwingine. Kutoka kwenye sanduku ulitoka waya, na mwisho wa waya kidude cha chuma kilichotosha kiganjani.

Alichukua mafuta mazito, akayapaka kwenye ncha ya ekseli ya kwanza, akakandamiza kile kidude juu yake, akatazama kioo. Mstari ulikaa kimya. Akasugua kidude kushoto na kulia. Kimya. Akahamia ekseli ya pili, ya tatu. Akafungua sanduku, akachungulia taa zake za ndani, akatukana kwa Kiingereza cha kwao huko, tukaelewa kwamba anatukana. Alidhani gari limelitikisa likafa.

Mimi sikuweza kujizuia tena. "Bwana," nikasema, "inasikiliza nini?"

Nadhani alifurahi kuulizwa. Akachuchumaa, akachora ekseli mavumbini kwa kijiti. Kidude ndicho kinachogonga, akasema, na ndicho kinachosikiliza. Kinapeleka mlio ndani ya chuma, unakwenda mpaka ncha ya pili, unagonga ukuta, unarudi. Kwenye kioo unaona kilima cha kuondoka na kilima cha kurudi. Kukiwa na ufa njiani, mlio unagonga ufa na kurudi mapema, na hapo unaona kilima cha tatu katikati.

"Mbona hatusikii kikigonga?"

"Hapana mtu nasikia," akasema. "Mlio yake nyembamba sana. Mimi hapana sikia, wewe hapana sikia. Hata mbwa."

Sijui nieleze vipi furaha iliyonipanda. Kwa mwaka mzima nilikuwa mtu pekee pale stesheni anayeishi na milio asiyoisikia, na sasa ulikuwapo mlio ambao Gavana mwenyewe hausikii. Tulikuwa viziwi wote, tumesimama mstari mmoja, tukitazama kioo. Nikataka kujua yote. Kwa nini mafuta? Akasema mlio huo hauwezi kuvuka hewa hata iwe nyembamba kama karatasi. Lazima kidude na chuma vishikane bila nafasi, na mafuta ndiyo yanayojaza.

Hapo nikamwona mama akipangusa majivu. Hakuwahi kugonga chungu chenye majivu, hata siku moja.

"Bwana," nikasema, "chini ya mafuta yako kuna chokaa."

"Chokaa nini?"

"Yetu. Mikono miwili. Nimepaka mimi."

Fundi mkuu alinitupia jicho ambalo lingekausha nguo. Mzungu akakwangua ncha kwa kisu, ganda jeupe likabanduka kwa mabaka na vumbi chini yake, akakaa chini kabisa mavumbini akacheka mpaka machozi. Kisha tukaleta patasi na msasa, na mimi niliyepaka ndiye niliyekwangua, ncha zote kumi na sita. Safari hii alipokandamiza kidude, kioo kiliota vilima viwili, kimoja mwanzo na kimoja mwisho, na katikati tambarare. Watu wakashangilia kama timu yetu imefunga bao.

Ekseli ya kwanza nzima. Ya pili nzima, ya tatu, ya nne. Kila moja ilipopita, nami nilipumua. Kwenye ya tano mzungu alitazama kioo, akanyamaza, akavua kofia yake akakifunika. Akaniambia nigonge. Alitaka kuona nyundo na mashine zitasema kitu kimoja.

Niligonga gurudumu la kushoto, du. La kulia, du. Nikagonga ekseli yenyewe. Mpini ulitetemeka mkononi kama siku zote. Nilimtazama fundi mkuu. Alikuwa akinitazama kwa imani ya mtu aliyepanda farasi wake mwenyewe.

"Nzima," nikasema.

Mzungu akainua kofia. Vilima vilikuwa vitatu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yule mzungu akanishika bega, akanionyesha mahali gurudumu linapobana ekseli. Ufa upo pale ndani, akasema, umefunikwa na gurudumu lenyewe, na hakuna nyundo wala sikio la mtu duniani ambalo lingeugundua. Ndiyo maana mashine imetengenezwa. Si kosa lako.

Si kosa lako! Mtu ameniletea msamaha kutoka ng'ambo, kwenye sanduku, na sikuwa nimeuomba. Nikatabasamu. Nikaanza hata kujiambia kwamba huenda mwaka mzima sikukosea chochote, kwamba milio niliyoikosa ni ile ambayo kila mtu anaikosa.

Ya sita nzima. Ya saba, vilima viwili, katikati tambarare, mzungu akaandika nzuri. Lakini fundi mkuu alikuwa ameumia. Nyundo imeshindwa mbele ya wachota maji, na alikuwa ameishi na nyundo tangu ujana. Akaninyang'anya ile yangu. "Hii pia iko kazi yake," akasema, akaligonga gurudumu la ile seti ya saba kwa nguvu.

Mimi nilisikia du, nikaendelea kutabasamu. Kisha nikaona nyuso. Mchota maji aliyekuwa mbali, ameinama kwenye bomba, aliinua kichwa. Mpiga simu alikunja uso kama aliyeng'ata mchanga. Watengeneza njia wote waligeuka kwa pamoja, na mzungu aliyekuwa akiandika akasimamisha kalamu. Kila mtu pale alikuwa amesikia kitu. Fundi mkuu akagonga tena, taratibu, wakakunja nyuso tena. Halafu wote wakaangalia alama ya chaki iliyokuwa kwenye gurudumu lile, na kutoka kwenye chaki wakaniangalia mimi, na mimi bado nilikuwa na lile tabasamu, sijui niliweke wapi.

Mzungu akasema kwa sauti ya chini, nikamsoma mdomo, kwamba mashine yake iliuliza ekseli tu, haikuuliza gurudumu.

Fundi mkuu alikuja akasimama mbele yangu karibu sana. Aliongea polepole. "Wewe sikia mimi?"

"Nakusikia kwa kuwa nakutazama, fundi."

"Tangu lini?"

"Tangu homa."

Nilitarajia kofi. Nafikiri ningefurahi kulipata. Yeye akauliza swali moja tu. "Gari ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, vidole vikaisha.

Akaipiga teke ndoo ya chokaa, ikaenda ikimwagika mpaka relini, akaingia kwa mpiga simu. Alipeleka habari mashariki na magharibi: kila behewa lililopita Itigi ligongwe upya. Siku mbili tulisubiri majibu. Sikula. Nilikaa kwenye benchi la abiria nikimtazama mpiga simu mgongo, nikijaribu kujua kwa mabega yake kama kuna maiti. Majibu yakaja kidogo kidogo. Salama. Salama. Behewa moja la mizigo lilikutwa na gurudumu linalokohoa, likawekwa pembeni. Hakuna mtu aliyekuwa ameumia. Nililia mbele ya watu, na sikujifuta.

Nyundo alipewa mwingine. Mimi sikufukuzwa, na mpaka leo sijui ni huruma ya fundi mkuu au ni kwa sababu mzungu aliomba nifuatane naye. Alihitaji mtu wa kukwangua. Habari za ugeni wake zilikuwa zimemtangulia kwenye njia nzima, na kila stesheni tuliyofika tulikuta ekseli zimepakwa chokaa vizuri, na mtu na brashi yake amesimama kando akisubiri sifa. Nilikwangua hadi nikatoka malengelenge, huku nikiuliza maswali. Alinifundisha kusoma vilima. Alinifundisha kugeuza kidude ili kuutafuta ufa uliolala vibaya, kwa kuwa ufa ukilala sambamba na mlio, mlio unapita kando yake na kioo kinasema nzima. Ilinishangaza hiyo, na ikanifariji kidogo, kwamba hata mashine inaweza kudanganywa ukiiuliza kutoka upande mmoja tu.

Baada ya miezi miwili nikapata ruhusa, nikaenda nyumbani. Mama alikuwa anasugua mtungi kwa kokoto laini. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaendelea. Nilikaa mbele yake ili nimwone mdomo, nikamsimulia yote: sanduku, vilima, chokaa. Kwenye chokaa alicheka sana. Akasema hao watu wa reli wangekuja kwake awafundishe kupangusa. Kisha nikamsimulia gurudumu la ile seti ya saba, naye akaacha kusugua.

"Sisikii, mama," nikamwambia. "Tangu hospitali."

"Najua."

"Unajua?"

"Ulipotoka hospitali ulikuwa umekaa hapo hapo, umenipa mgongo. Nilikuita mara tatu. Sauti niliyokuwa nikiitumia kukuita kutoka bondeni."

Mambo yalikuwa yanajipanga kichwani moja moja, bila haraka, na mwisho wake nikaliona lori la nta na asali, na mama amekaa juu ya magunia.

"Ndiyo maana uliacha kupanda gari la moshi," nikasema. "Si moshi."

"Moshi nilikuwa naupenda," akasema. "Lakini aliyekuwa akiligonga ni wewe."

Hasira ikanipanda, nikamuuliza kwa nini hakuniambia, na wale abiria wengine je, wale aliokuwa akila nao mayai na kuleta hadithi zao. Hakujitetea. Aliutazama mtungi uliokuwa mapajani mwake. Akasema kila lori lilipoikaribia njia ya reli alifumba macho asilione gari. Alisema alikuwa akingoja niseme mwenyewe, akangoja, na kungoja kwake kukawa kubaya kama kunyamaza kwangu. Yeye aliyevunja chungu kinachokohoa mbele ya mteja, mimi alishindwa kunigonga.

Wiki iliyofuata nilirudi Itigi naye. Alikata tiketi ya daraja la tatu kwenda Manyoni, akapanga vyungu vyake chini ya kiti, akakaa dirishani. Mgongaji mpya alipita na nyundo. Mama alitoa kichwa nje, akasikiliza kila gurudumu mpaka la mwisho, kisha akanitazama pale chini niliposimama, akanitikisia kichwa kwamba yote yameitika.